Siku 26 za Lenzi Moja

Mnunuzi alitoa tochi ndogo mfukoni kabla hata hajakaa vizuri. Alivua vifuniko vyote viwili vya lenzi, cha mbele na cha nyuma, akaiinua usawa wa jicho na kuupitisha mwanga ndani yake kwa mshazari, kama afanyavyo mtu anayejua kwamba fangasi kwenye vioo haijitokezi ukiimulika moja kwa moja. Akaizungusha pete ya zumu kutoka mwanzo hadi mwisho huku ametega sikio. Kisha akaifunga kwenye kamera yake, akapiga picha ya ukurasa wa gazeti tulioubandika ukutani, kwa f/2.8, yaani diaframu ikiwa wazi kabisa, akazikuza pembe nne za picha ile moja baada ya nyingine ili alinganishe ukali wa herufi.

Hakukuta kasoro. Nilikuwa nimeitunza.

Ndipo alipouliza swali ambalo sikulitarajia: "Samahani ndugu, ulikuwa ukiitumia mara ngapi?"

"Mara nyingi," nilimjibu, tena kwa haraka.

Aliridhika, akalipa, tukaagana. Mimi ndiye niliyebaki na swali. Lilinikaa kichwani jioni ile, likanikaa juma zima, na juma lililofuata lilikuwa bado lipo, kwa sababu kila nilipojaribu kukumbuka ni lini hasa nilipiga picha kwa lenzi ile kwa mara ya mwisho, nilishindwa.

## Picha hutunza tarehe

Lenzi yenyewe ilikuwa Canon EF 70-200mm f/2.8L IS II, zumu ya kuvuta vitu vya mbali, ile iliyotoka mwaka 2010. Niliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na mwingine, nikakaa nayo miaka 4. Kila picha ya kidijitali huhifadhi ndani yake tarehe, saa, urefu wa fokasi, uwazi wa diaframu na mara nyingi jina la lenzi iliyotumika, na programu ya kupangia picha huweza kuzichuja zote kwa jina hilo. Nilizichuja. Nilitarajia kuona siku 100 au zaidi, maana katika fikra zangu lenzi ile ndiyo iliyokuwa chombo changu cha kazi, na kila nilipoulizwa ninatumia nini niliitaja ya kwanza.

Nilikuta siku 26.

Nilizihesabu tena, safari hii kwa mkono, nikidhani programu imeruka folda fulani. Hesabu haikubadilika. Picha zilikuwa maelfu, lakini zilirundikana katika siku 26 kwa miaka 4, na 19 kati ya siku hizo zilikuwa za mwaka mmoja na nusu wa mwanzo. Muda wote uliobaki lenzi ilikaa kabatini, ndani ya mfuko wake, na vipakiti vya kunyonya unyevu pembeni.

Sikumdanganya mnunuzi kwa makusudi. Nilimwambia nilichokuwa nikiamini, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi.

## Daftari ambalo sikuwa nalo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa na mali, na badala ya daftari nilikuwa na kauli moja niliyoirudia kwa miaka: lenzi haishuki thamani. Kauli hiyo ina ukweli wake. Kamera huzeeka upesi kwa sababu sensa na kompyuta ya ndani hupitwa na zile za mwaka unaofuata, ilhali kioo kilichosuguliwa vizuri hubaki kioo. Lenzi ya EF, kiungio cha Canon cha kufungia lenzi kwenye kamera, ya mwaka 1987, mwaka ambao kiungio hicho kilianza, bado inafunga na kufanya kazi kwenye kamera ya EF iliyotengenezwa miongo mitatu baadaye.

Basi niliketi kuandika daftari lililochelewa, nijue kama ingekuwa afadhali kuikodi kuliko kuinunua. Bei niliyonunulia naiita sehemu 100, kwa kuwa sarafu yenyewe haibadilishi lolote katika hesabu hii. Niliuza kwa sehemu 71. Katika mwaka wa tatu pete ya zumu ilikaza na fundi alichukua sehemu 6. Kwa hiyo miaka 4 ya kuimiliki lenzi ile ilinigharimu sehemu 35. Kwa upande wa pili, pale ninapokodi vifaa vingine, siku moja ya lenzi ya aina hii hulipiwa sehemu 4 hivi za bei hiyohiyo. Siku 26 kwa sehemu 4 ni sehemu 104, yaani ningelipa kodi inayozidi bei ya kuinunua, na mwisho wake nisingekuwa na chochote cha kuuza.

Mabishano mengi ya kununua au kukodi huishia hapo, na langu liliishia hapo kwa siku mbili. Nilijiona nimefanya jambo la busara.

Kilichonirudisha kwenye daftari ni swali dogo: je, kweli ningeikodi lenzi ile mara 26? Nilizipitia siku zote, moja baada ya moja, nikijiuliza kama asubuhi ya siku ile ningekuwa tayari kutoa fedha, kuacha dhamana, kwenda kuichukua na kuirudisha kesho yake. Siku za kazi zilizolipiwa, ambapo jukwaa lilikuwa mbali na mwanga hafifu, jibu lilikuwa ndiyo. Siku nyingine niliibeba kwa sababu tu ilikuwepo. Nilipomaliza, siku za lazima zilikuwa 9, na 17 zilikuwa za hiari.

Siku 9 kwa sehemu 4 ni sehemu 36.

35 kwa 36. Hesabu niliyoitegemea iamue jambo ilikataa kuamua.

## Bei hupangwa na watu ambao hawajaiona lenzi yako

Kabla ya kuzirudia zile siku 17, ni lazima niseme juu ya sehemu 29 zilizopotea, maana mwanzoni nilidhani zimepotea kwa uchakavu. Sivyo. Lenzi haikuwa na mkwaruzo, na mnunuzi mwenye tochi alilithibitisha hilo.

Lenzi huishi na kufa pamoja na kiungio chake. Canon walikuwa na kiungio cha FD tangu mwaka 1971, na walipohamia EF mwaka 1987 lenzi za FD ziliachwa nyuma kwa sababu ya milimita 2 tu. Umbali kati ya kiungio na filamu ulikuwa milimita 42 katika FD na milimita 44 katika EF, hivyo lenzi ya zamani ikifungwa kwenye kamera mpya ilikaa mbali kupita kiasi na haikuweza kufokasi vitu vya mbali pasipo adapta yenye kioo cha nyongeza. Aliyekuwa na kabati la lenzi hizo hakuharibu kitu chochote, na bado mali yake ilipungua. Kisha zikaja kamera zisizo na kioo cha kuakisi. Umbali huo ukawa milimita 18 katika kiungio cha E cha Sony mwaka 2010, na katika mwaka 2018 milimita 16 katika Z ya Nikon na 20 katika RF ya Canon. Ghafla palikuwa na nafasi tele ya kuweka adapta tupu, na lenzi za FD zikapata wapenzi wapya ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa zilipotupwa.

Yangu ilikumbwa na wimbi hilohilo kwa upole zaidi. EF hufanya kazi vizuri sana kwenye kamera za RF kwa adapta, fokasi ya otomatiki ikiwemo, kwa hiyo haikufa. Ila kila mwenye kuhama aliiweka lenzi yake sokoni, na mnunuzi wa leo anajua kwamba anachonunua ni kizazi kinachoondoka. Wenye lenzi za Nikon za zamani zinazozungushwa na mota iliyo ndani ya kamera walipata pigo kubwa zaidi, kwa kuwa adapta ya FTZ, inayozifunga lenzi hizo kwenye kamera za Z, haina mota hiyo nao wamebaki kufokasi kwa mkono. Na mwaka huohuo wa 2018 Canon walitoa toleo la tatu la 70-200 yangu, lenye mpangilio uleule wa vioo, huku mabadiliko yakiwa hasa katika tabaka za kupunguza mng'ao na za kuzuia uchafu. Picha zangu hazikupoteza hata chembe ya ukali siku ile. Kilichopungua ni bei ambayo mtu mwingine angeikubali.

Kwa hiyo thamani ya kuuza haikai ndani ya lenzi kama tulivyozoea kusema. Inakaa nje, kwa watu, na hujulikana siku ya kuuza tu. Miaka yote ile nilikuwa nikiihesabu kama akiba yangu wakati sikuwa na nia yoyote ya kuuza.

## Kuilinda lenzi kwa ajili ya mtu mwingine

Kuna gharama moja ambayo sikuweza kuiweka katika daftari. Sanduku la lenzi nililihifadhi. Risiti niliihifadhi. Nilikataa kuibeba ufukweni kwa sababu ya mchanga na chumvi, nikakataa kuitoa mvua ilipotishia, ingawa lenzi hizi zimezibwa mpira kwenye kiungio mahsusi kwa ajili ya hali hizo. Nilikuwa nikimtunzia lenzi mtu ambaye sikumjua bado, na mtu huyo alipofika na tochi yake alipata kitu kizuri kuliko nilivyojiruhusu kukitumia.

Baadhi ya uangalifu huo ni wa haki. Fangasi ni adui wa kweli: huota katika unyevu na giza, na asidi yake hula tabaka la juu la kioo hata ukiisafisha alama inabaki, na hakuna mnunuzi anayejua kazi yake atakayeigusa. Unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 50 unatosha kuizuia bila kukausha grisi ya pete. Lakini vumbi chache za ndani hazionekani kwenye picha, na mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele hauonekani katika picha nyingi kabisa. Huteremsha bei tu. Nilipoteza picha halisi kwa kuogopa dosari ambazo kamera yenyewe isingeziona.

Nilidhani lenzi ya kukodi ingeniongezea hofu, kwa kuwa kuna dhamana. Imekuwa kinyume. Nikishailipia bima yake, ninaitumia kwa kazi iliyonileta, kwa kuwa siku yangu ni moja. Sisemi mtu aitumie hovyo. Baada ya kupatwa kwa jua kwa tarehe 21 Agosti 2017 nchini Marekani, kampuni ya kukodisha ya LensRentals ilichapisha picha za vifaa vilivyorudishwa vikiwa vimeungua, sensa zimeyeyuka na shata zimetoboka, kwa sababu wateja walizielekeza lenzi kwenye jua bila filta ifaayo. Uzembe wa aina ile ni kumnyima fungu lake mteja anayefuata.

## Cha kuazima

Cha kuazima hakisitiri maungo, husema methali, nami nimeonja ukweli wake. Katika kazi yangu ya kwanza na lenzi ya kukodi, fokasi iliangukia nyuma kidogo ya mahali nilipolenga, kila mara, asubuhi nzima. Kwenye skrini ndogo ya kamera picha zilionekana safi. Nilipofika nyumbani na kuzifungua kwenye kompyuta, masikio ya watu yalikuwa makali na macho yao yana ukungu.

Sikulala vizuri usiku ule.

Lenzi haikuwa mbovu, wala kamera haikuwa mbovu. Kamera zenye kioo cha kuakisi hupima fokasi kwa kifaa kilicho kando na sensa, na kila lenzi na kamera huhitaji kupatanishwa katika menyu. Zangu nilikuwa nimezipatanisha, ile ngeni sikuipatanisha. Kamera zisizo na kioo hicho hupima kwenye sensa yenyewe na zimetuondolea tatizo hili kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo liko jingine ambalo haziliondoi. Roger Cicala, aliyeianzisha LensRentals, amechapisha kwa miaka vipimo vya nakala nyingi za lenzi moja na kuonyesha kwamba hakuna mbili zinazofanana kabisa: moja itakuwa kali zaidi kushoto, nyingine itazidiwa pembeni. Mwenye lenzi yake anaijua tabia yake kama anavyoujua mlango wa nyumba yake unaokwama. Mwenye kukodi hukutana na mgeni kila mara.

Ndiyo maana siku hizi naikodi siku moja kabla ya kazi, na siku hiyo ya ziada naiingiza katika hesabu. Wenye kupiga hesabu za kukodi kwa siku ya kazi peke yake wanajipunguzia gharama kwenye karatasi. Ongeza na safari ya kwenda na kurudi, ongeza na ukweli kwamba Jumamosi unayoitaka wewe inatakiwa na wapigapicha wengine wote.

## Zile siku 17

Nilizifungua folda za siku 17 nikiwa na nia ya kuziona kama upotevu. Siku ya kwanza niliyoifungua ilikuwa ya mvua iliyokatika ghafla. Nilitoka bila sababu, nikasimama ukingoni mwa uwanja, na upande wa pili msichana mdogo alikuwa akimfundisha mzee kuendesha baiskeli, ameshika kiti kwa nyuma na kukimbia, mzee amekaza mikono kama mtoto. Kwa milimita 200 miti iliyo nyuma yao ilisogea ikawa ukuta mmoja wa kijani. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote nilizopiga kwa lenzi ile. Hakuna asubuhi ambayo ningelipa kodi kwa ajili yake, kwa sababu hakuna asubuhi ambayo ningejua kwamba itakuwepo.

Katika folda nyingine niliona makosa yangu, na makosa hayo yana thamani pia. Kwa milimita 200 na f/2.8, mtu akiwa umbali wa mita 3, sehemu inayoonekana kali ina kina cha takriban sentimita 4 tu. Kanuni hiyo niliisoma mapema, lakini mkono wangu uliijua baada ya nyuso nyingi kuharibika katika siku ambazo hakuna aliyenilipa. Zile siku 9 za kazi zilikwenda vizuri kwa sababu ya zile 17. Kuzitenganisha katika safu mbili na kuziita moja faida na nyingine upotevu kulikuwa kosa langu.

Hapo ndipo nilipogeuka, ingawa si kwa mkupuo. Kodi hulipia siku unazoziona zikija. Kumiliki hukupa siku usizoziona, na thamani ya kuuza ndiyo inayozifanya siku hizo ziwe rahisi. Sikuwa nimekosea kuinunua.

Nilikosea kukaa nayo.

Nilizipanga upya siku 26 kwa tarehe. Katika mwaka mmoja na nusu wa mwanzo nilikuwa na siku 4 za lazima na 15 za hiari. Katika miaka 2 na nusu iliyofuata, siku 5 za lazima na 2 za hiari. Mwenzangu mmoja aliuza lenzi kama yangu, ya hali ileile, mwishoni mwa kile kipindi cha kwanza, kwa bei iliyolingana na sehemu 90 za bei yangu. Kama ningeuza pamoja naye, siku 19 zingenigharimu sehemu 10, karibu nusu sehemu kwa siku. Kuanzia hapo nilipoteza sehemu 19 nyingine, na 6 za fundi, kwa siku 7, yaani sehemu 3.6 hivi kwa kila siku. Hiyo ni karibu kodi kamili, tena kwa lenzi iliyokuwa ikikaa kabatini kwangu. Siku za hiari zilikuwa zimekauka, na mimi niliendelea kusema kwamba lenzi haishuki thamani.

Kwa nini zilikauka? Nadhani nilihamia lenzi fupi, za milimita 35 na 50, na kusogelea watu badala ya kuwavuta kutoka mbali. Macho yangu yalibadilika kabla mimi sijatambua. Kitambulisho cha mtu mwenye 70-200 kilibaki kabatini pamoja na lenzi.

Nilimwandikia mnunuzi ujumbe nikamweleza ukweli: siku 26, si mara nyingi. Alinishukuru, akasema hiyo ni heri kwake. Kisha akaongeza kwamba yeye amekwisha kuitumia siku 8, na kwamba jana aliitoa nje mvua ikinyesha.

## Jumapili, kabla ya saa 4

Sasa nina daftari la kweli, lenye safu mbili kwa kila lenzi: siku za lazima na siku za hiari. Lenzi ya milimita 50 imejaa safu zote mbili na sitaiuza. Lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ina siku 3 katika safu ya kwanza na safu ya pili iko tupu tangu mwaka uanze, nami bado sijapata moyo wa kuipiga picha ya tangazo.

Juma lililopita nilikodi 70-200 kwa kazi ya Jumamosi. Niliichukua Ijumaa, nikaipima, na kazi ikaenda vizuri. Ilitakiwa irudi Jumapili saa 4 asubuhi. Mara zote zilizotangulia, lenzi ya kukodi huwa naifuta, naifunga na kuiweka karibu na mlango usiku uleule, kana kwamba kuna mtu anayenihesabia dakika. Safari hii niliiacha kwenye kamera. Niliamka saa 11 alfajiri, nikaenda uwanjani bila mpango, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya nyasi. Mtu alikuwa akikimbia peke yake, akiingia na kutoka katika ukungu ule. Nilimpiga picha 60 hivi. Moja ilikuwa nzuri.

Lenzi niliirudisha saa 3 na dakika 50. Nilipofika nyumbani nikaongeza ukurasa mwingine kwenye daftari, wa lenzi isiyo yangu, na siku ile nikaiandika katika safu ya pili.